Meno ya Msemaji na Maziwa ya Mama Thacienne

Mama Annonciata, mshauri wetu wa redio, pokea salamu kutoka Kitshanga. Mimi ni mtu wa kuongea, ndiyo kazi yangu, lakini leo nakuandikia kwa sababu sithubutu kufungua mdomo, hata mbele ya mke wangu, na nakuomba uitazame shida yangu kabla sijaharibu jambo ambalo halitarekebishika.

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa kulalamika, Mungu amenitendea mema, ng'ombe tuliokimbia nao wakati wa vita wamezaa tena, watoto wanasoma, mke wangu Mukagasana bado ananitania kila asubuhi kama siku zile za uchumba, na kwenye milima yetu yote, kuanzia hapa Kitshanga mpaka kuteremka Kashebere kule Walikale, familia ikiwa na kijana wa kuoa au binti wa kuolewa inaniita mimi, maana unajua mwenyewe kwamba kwetu baba wa mtoto hasemi mahari kwa mdomo wake, anakaa kimya kama mgeni na mwingine ndiye anayesema kwa niaba yake, anavuta, analegeza, anatania, mpaka watu wanakubaliana na wanaomba pamoja, na mimi, bila kujisifu sana, najua kuvuta.

Sasa kazi hii ina desturi yake. Ukifika kwa watu wanakuletea sukre, hizi soda za chupa zenye povu, na wanakuletea ikiwa na kizibo chake, wanakifungua mbele ya macho yako ili uone kwamba hakuna mkono uliopita, na wewe ni wa huku, sina haja ya kukueleza sababu, tangu vita vituchanganye na kutulaza karibu na watu tusiowajua kila mmoja anaogopa karuho, ile sumu inayomla mtu polepole, na mtu wa kuingia nyumba za watu kama mimi lazima ajilinde. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, nilishaacha, chai sinywi nje, maziwa nanywa kwangu tu, lakini sukre iliyofunguliwa mbele yangu nanywa bila wasiwasi, na nanywa polepole, kwa sababu ukimaliza chupa upesi wataona ama unaomba nyingine ama unataka kuondoka, na mazungumzo yatapoa, kwa hiyo msemaji anayejua kazi anaonja, anaweka chini, anasema, anaonja tena, chupa moja inamchukua kutoka salamu mpaka sala ya kufunga, na Jumamosi moja naweza kuketi kwenye nyumba nyingi, tangu umande haujakauka mpaka ng'ombe wanarudi zizini ulimi wangu una utamu wa sukre. Vijana wanaorudi kutoka machimbo ya madini ya Bisie ndio wanaozidisha, wanaleta kreti nzima mezani ili wakwe waone kwamba kazi ilikubali.

Tangu mvua zilizopita meno yangu ya mbele yakaanza kubadilika. Yaligeuka manjano, nikafikiri ni uchafu, nikaanza kuyasugua kwa makaa yaliyosagwa pamoja na chumvi, nasugua nikifika nyumbani, na siku nyingine hata sifiki nyumbani, natoka kwa watu nakaa kando ya njia na kusugua hapo hapo, wakati utamu bado uko mdomoni, maana nilijua sukari huozesha na sikutaka kuipa nafasi, na kila nikisugua yanazidi manjano, na ncha zake zikawa nyembamba, zinapitisha mwanga, na moja likameguka nikitafuna hindi la kuchemsha. Mukagasana akasimama mlangoni akaniangalia, akasema, "Papa, unasugua meno ao unasugua sufuria?" Nikacheka naye, lakini kwa mdomo uliofungwa. Maji baridi yakaanza kunichoma mpaka kwenye sikio.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe. Nina binti, Murekatete, ni wa marehemu kaka yangu, nilimlea tangu akibebwa mgongoni na ananiita Papa, naye amepata mchumba, Bienvenu, kijana mpole, mtoto wa mjane mmoja anayeitwa Mama Thacienne aliye na ng'ombe wazuri juu ya kilima upande wa pili, na anawalisha watoto wake kwa kuuza maziwa. Mahari tulishaelewana bila taabu. Ikabaki siku ya kwenda kwao kuchagua ng'ombe, nawe unajua kwamba ukishamshika ng'ombe mgongoni na kumsifu, anakamuliwa mbele yako, au wanakuletea maziwa yake yaliyotulia kwenye kikombe cha mti, na unakunywa mpaka chini, na ukimaliza ndipo ng'ombe amekuwa wenu, na hapo msemaji hana kizibo cha kujifichia, lazima anywe.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu haujainuka bado, na maziwa yalikuwa yamelala usiku mzima kwenye kibuyu. Mama Thacienne mwenyewe alinipa kikombe kwa mikono miwili. Nikanywa funda moja, Mama Annonciata, na meno yote ya mbele yakashika moto kwa pamoja, nikakunja uso, nikatema kidogo kwenye majani bila kutaka, nikakiweka kikombe chini kikiwa kimejaa. Watu wote waliona, wa kwao na wa kwetu.

Akaniuliza polepole, "Papa Darius, hii maziwa iko na nini?"

Nikasema, "Hapana kitu, Mama. Ni tumbo."

"Tumbo njo inakufanya uniangalie vile?"

Nikageuka nikamtazama ng'ombe, mimi ninayelipwa shukrani kwa majibu. Yule mama akakiinua kikombe, akakinywa chote mbele yetu bila kupumzika, akakigeuza juu chini, akasema, "Mumeona bote. Basi," kisha akaingia ndani na hakutoka tena. Tukarudi nyumbani bila ng'ombe na bila kuagana vizuri.

Na mimi, badala ya kuona aibu, njiani nilianza kufikiri, kwa nini maumivu yale yalitoka kwenye kikombe chake na si kingine, na nikakumbuka kwamba siku ya utambulisho, kabla ya mvua zile, nilikunywa maziwa kidogo kwake kwa heshima, ndiyo mara moja tu niliyowahi kunywa kitu kisicho na kizibo nje ya kwangu, na jirani mmoja akaniambia iko karuho inayoanza na meno, inayala kwanza kisha inashuka kwenye mifupa, na tangu hapo silali vizuri, nimeshaamini nusu, na nusu nyingine inanisuta. Maneno yametoka, sijui nani aliyeyatoa, mimi sikumtaja mama huyo kwa mtu, lakini pia mtu akiniuliza sikatai, nanyamaza tu. Sasa nasikia sokoni Kitshanga wamama wanapita mbele ya vibuyu vyake wakiangalia pembeni. Murekatete haniletei tena maji ya kunawa. Jana aliniuliza kitu kimoja tu, "Papa, nikuwe nani sasa, mukwe wa mulozi?" na akaondoka kabla sijajibu.

Familia ya kijana wanasubiri neno langu. Nikisema tumeacha, uchumba umekufa. Nikisema tuendelee, nampeleka mtoto wa kaka yangu kwenye nyumba ambayo labda inaniua. Naomba uniambie, nivunje au nisivunje? Na kama unajua dawa ya kuondoa karuho kwenye meno, nitajie, nitaifuata popote, na jina langu ulifiche.

Papa Darius, Kitshanga


Mama Annonciata anajibu

Papa Darius, jina hilo ni nililokupa mimi, na wengine wote katika barua yako nimewabadilisha majina vilevile, ingawa msemaji mwenye meno mabovu kwenye milima ile sidhani kama tunao wengi. Pole kwa maumivu. Nayajua, dada yangu aliyapata, alikuwa akinywa maji huku ameinamisha kichwa kama kuku. Sasa vuta kiti ukae, kwa sababu nimekuonea huruma vya kutosha na inayofuata ni kukugombeza.

Karuho yako nimeipata, Papa. Ina kizibo.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikaacha kucheka, kisha nikaichukua mpaka kwa daktari wa meno hapa Goma ninayemuamini, nikamsomea sehemu ya sukre na sehemu ya makaa, bila kumwambia neno lolote juu ya maziwa ya mtu. Hakunisubiri nimalize. Alisema watu wa namna yako anawapokea kila wiki: madereva, wahubiri, wauza duka, wote wanaokaa na chupa mkononi kutwa nzima. Jino lina ngozi ya nje, nyeupe na ngumu, wao wanaiita enameli, na hakuna kitu kigumu kuliko hiyo katika mwili wa mtu, unaweza kuvunjia mfupa. Lakini ina adui, na adui huyo ni asidi, ule ukali unaouma ulimi unapoonja ndimu. Sukre imejaa asidi. Huisikii kwa sababu wameifunika na sukari nyingi, ila ipo, iko kwenye lile povu lenyewe na kwenye vitu wanavyoongeza ili iwe na ladha, na hata zile wanazouza bila sukari zina asidi ileile, kwa hiyo usinijie na ujanja huo.

Kila unapoonja, ngozi ile ya jino inalainika kidogo. Mungu si mjinga, alikupa mate, na mate yanaiosha asidi na kuirudishia ngozi nguvu yake, lakini yanahitaji muda wa kufanya kazi. Mtu anayekunywa chupa yake yote wakati wa kula, akamaliza, mate yake yanapata nafasi. Wewe hukuyapa nafasi. Unaonja, unasema, unaonja tena, nyumba kwa nyumba, Jumamosi kwa Jumamosi, na kila mate yakitaka kuanza unayamwagia nyingine. Heshima yako ya kunywa polepole ndiyo iliyokuponza. Aliyekunywa kwa pupa na kuonekana hana adabu, meno yake ni mazima leo.

Na bado hukutosheka, ukachukua makaa na chumvi. Papa yangu mpendwa, jino likiwa limelainika namna ile na wewe unakaa kando ya njia kulisugua na makaa, hiyo si kusafisha, ni kuchonga. Umejichonga mwenyewe. Ile manjano unayoisugua si uchafu, ni sehemu ya ndani ya jino, ndiyo rangi yake tangu uzaliwe, ilikuwa imefunikwa na sasa umeifunua. Ndiyo sababu kila ukisugua inazidi. Ndiyo sababu ncha zinapitisha mwanga na hindi la kuchemsha limekushinda. Na ile sehemu ya ndani ina njia ndogondogo zinazofika kwenye mshipa wa fahamu, kwa hiyo chochote cha baridi kinakupiga mpaka sikioni, yawe maji ya kisima, yawe maziwa yaliyolala kwenye kibuyu asubuhi ya ukungu, yawe ya Mama Thacienne au ya mke wako. Jaribu ya mke wako, yakiwa baridi vilevile, uone kama nayo hayatakurusha. Halafu uniandikie kama na Mukagasana ni mlozi.

Kama huniamini mimi wala daktari, chukua ganda la yai, litumbukize kwenye kikombe cha sukre, ulifunike ukaliache mpaka kesho kutwa, kisha ulipapase kwa kidole uone lilivyolegea. Ganda si jino, nalijua hilo, daktari amenionya nisizidishe. Lakini utaelewa.

Jambo lingine ambalo litakuuma kuliko baridi: maziwa hayali meno. Maziwa yanayalinda. Kati ya vitu vyote ulivyokunywa mwaka huu nje ya nyumba yako, kimoja tu ndicho kilichokuwa upande wako, na hicho ndicho ulichokitema kwenye majani.

Sasa sikiliza kuhusu meno kwanza, maana ni rahisi. Makaa acha leo. Tafuta mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, sugua taratibu asubuhi na kabla ya kulala. Usisugue ukitoka tu kunywa kitu kikali, suuza kwa maji na usubiri, kama saa nzima hivi. Nenda hospitali kwa mtu wa meno, lile lililomeguka anaweza kulifunika na yale yanayochoma anaweza kuyapaka kitu cha kutuliza, na usimfiche makaa, atayaona tu. Na kazini usifikiri nakwambia uanze kunywa kila unachopewa, sijasahau tunaishi wapi, hofu yako siicheki. Lakini maji ya chupa nayo yana kizibo, Papa, na yanafunguliwa mbele ya macho vilevile. Waambie wenyeji mapema kwamba msemaji anakunywa maji, siku hizi watasema ni daktari amekukataza na watakuheshimu zaidi. Wakisisitiza sukre, iache ifunguliwe, iweke mbele yako, iongee na povu lake, na chakula kikija inywe yote kwa mara moja, kwa mrija ukiupata, kisha maji juu yake. Chupa iliyojaa mezani haijawahi kuvunja uchumba wa mtu.

Kikombe cha maziwa kilichoachwa ndicho kinavunja. Tufike hapo sasa.

Unasema hukumtaja mama yule kwa mtu. Kweli. Ulinyamaza tu walipokuuliza. Wewe, ambaye milima yote inakuita kwa ajili ya maneno, ulijua vizuri sana kwamba watu wako wanasoma kimya chako kuliko wanavyosikiliza sauti ya wengine. Neno "mulozi" likishamshika mjane huku kwetu unajua linafika wapi. Linaanza na wamama kupita mbele ya vibuyu wakiangalia pembeni. Baadaye watoto wake hawachezi na wenzao. Baadaye kuna mtu anakufa kwa malaria kilimani na vijana wanakusanyika na mawe. Mimi nimezika mtu wa namna hiyo, shangazi yangu mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuonyesha sumu yake. Kwa hiyo nisamehe kama hapa sina utani. Nimekasirika, na ninakuandikia nikiwa nimekasirika, kwa sababu mama yule alikunywa kikombe kile chote mbele yenu akiwa kwake mwenyewe, juu ya kilima chake, na hakuna hata mmoja wenu, wanaume wote wale, aliyesema neno.

Murekatete hakukosea kukunyima maji ya kunawa. Mtoto uliyemlea vizuri ndiye huyo. Kijana ni mpole, ng'ombe ni wazuri, mama mkwe ana moyo, unataka nini zaidi? Ungejua barua ninazopokea za mabinti wanaoenda kwenye nyumba ambazo hakuna anayeweza kumtetea mtu. Huyu anaenda kwa mwanamke anayejitetea kwa kunywa kikombe chake mwenyewe. Nakuonea wivu.

Usivunje kitu. Jumamosi hii hii panda kile kilima, na watu walewale uliokwenda nao siku ile, wote, hata yule jirani wa karuho ya meno, yeye hasa mchukue. Murekatete naye aende. Usimtume mtu akusemee. Maisha yako yote umewasemea wengine, hili lisemee mwenyewe. Omba ng'ombe yule akamuliwe tena, na umwombe Mama Thacienne akupe maziwa yakiwa bado na joto la chuchu, si aibu, mwambie meno ndiyo yanayoomba. Kabla hujapokea kikombe sema hivi, kwa lugha yetu ya nyumbani, na usiipambe: "Mama, meno yangu njo iko na shida, na ni miye mwenye niliiharibisha. Maziwa yako haina kitu, na sikusema vile wakati batu baliniuliza. Unisamehe." Sema kwa ile sauti unayotumia kuvuta mahari, wasikie mpaka walio zizini. Akitaka kukujibu vibaya, mwache akujibu. Kisha unywe mpaka chini, kigeuze kikombe kama alivyokigeuza yeye, na Jumatatu mke wako awe wa kwanza kununua maziwa yake sokoni.

Ngozi ya jino ikishaisha haioti tena, Papa Darius, daktari amenihakikishia. Jina la yule mama bado linaweza kuota, lakini ni wewe peke yako unayeweza kulimwagia maji, na umeshachelewa.